Pikipiki ya mjomba

Ukimya wangu una sababu, na sababu yenyewe ina matairi mawili na silinda mbili. Safari ninayotaka kuwasimulia ilikuwa Januari 2025. Nimekaa nayo muda wote huu kwa kuwa kila nikianza kuandika habari za pikipiki najikuta naandika habari za mama. Leo nimeamua viende pamoja tu, liwalo na liwe.

Nianze na nyumbani. Kwetu neno pikipiki halitajwi mezani. Mama hapandi bodaboda. Anashuka kwenye daladala, anatembea dakika ishirini mpaka nyumbani, jua la saa nane linamchoma, mfuko wa unga kichwani. Vijana wa kijiweni wanamwita, "Mama, twende!" Yeye anawajibu, "Ahsanteni wanangu, nendeni taratibu." Nadhani wanamwona bahili.

Mwaka 2014 kaka yangu mkubwa alikuwa na miaka ishirini. Kidato cha nne alishamaliza, kazi hana, amekaa nyumbani anachokonoa redio mbovu za majirani. Mjomba wetu aliyeko Muscat, ndugu yake mama tumbo moja, akatuma fedha za pikipiki ya biashara. Ilikuja mpya, cc 150, nailoni bado iko kwenye siti. Kaka hakuitoa ile nailoni kwa mwezi mzima. Alifanya kazi miezi saba, akamnunulia mama jiko la gesi, mimi akaninunulia viatu vya shule. Halafu Alhamisi moja jioni, kwenye Barabara ya Morogoro, lori lilikata kona bila kuwasha taa. Mguu wake wa kulia ukavunjika sehemu tatu.

Nilikuwa kidato cha pili. Kwa wiki kumi na moja nilikuwa napeleka chakula wodini nikitoka shule. Wodi ilijaa vijana wa umri wake, miguu imening'inizwa kwenye vyuma na mawe ya uzito, wanabishana kutwa nzima ni pikipiki gani ina breki nzuri. Nilikuwa nawashangaa. Pikipiki imekulaza hapo, na wewe bado unaisifia?

Leo kaka anatembea akichechemea. Ana kibanda chake cha kutuma na kupokea fedha, ana mke na watoto wawili, na hajawahi kulalamika mbele yangu. Mama naye hakumlaumu mjomba kwa maneno. Alimwambia kwenye simu, "Ni mipango ya Mungu, kaka." Lakini tangu siku ile mazungumzo yao yakawa ya Idi na misiba. Mimi akaniapisha: sitaendesha pikipiki maisha yangu yote. Nikaapa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, ningeapa chochote.

Sasa hebu niambieni, mwandishi wa gazeti wa Dar es Salaam anafanyaje kazi bila pikipiki? Mhariri akikuambia moto umewaka Buguruni, uende kwa daladala? Utakuta majivu na mjumbe wa nyumba kumi. Mwanzoni nilipanda nyuma, nikijiambia kwamba kiapo kinahusu kuendesha, hakihusu kupanda. Mwaka 2022 nikajifunza kuendesha kabisa, nikafanya mtihani, nikapata leseni. Nikaificha ndani ya kamusi, chumbani kwangu, ukurasa wa herufi P. Nilijiona mjanja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi ndiye niandikaye zile habari fupi za ukurasa wa ndani. Mnazijua. Mwendesha bodaboda amefariki dunia, dereva wa gari ametoroka, polisi wanaendelea na uchunguzi. Aya nne. Mama anazisoma zote. Hakuna siku ameniuliza mwandishi alifikaje kwenye tukio.

Basi, Desemba 2024 picha ikaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Mjomba, miaka sitini, kanzu ameivua, amevaa jaketi jeusi na kofia ngumu ameikumbatia kwapani, kasimama pembeni ya pikipiki moja nyeusi, ndefu, imelala chini kama chui. Ukoo mzima ukaandika mashaallah. Mama aliitazama picha, akalaza simu kifudifudi, akaendelea kukoroga mchuzi. Siku tatu hakusema neno. Ya nne akaniuliza, "Si una likizo Januari? Nenda kamsalimie mjomba wako. Kamwangalie." Akanifungia visheti na nusu kilo ya karafuu.

Sikujua "kamwangalie" maana yake nini. Nikakata tiketi.

Mjomba alizaliwa Unguja mwaka 1964. Mwaka 1974 babu yake mkubwa alimchukua wakahamia Oman. Mama, aliyekuwa mchanga, akabaki na bibi. Ilikuwa miaka ile Wamanga wengi wa Zanzibar walikuwa wanakwenda, kwa kuwa Sultan Qaboos alishika nchi mwaka 1970 akawaita waliotawanyika warudi kujenga. Wanasema mwaka ule Oman nzima ilikuwa na kilomita kumi hivi za barabara ya lami. Mjomba alifika akakuta matingatinga yanafanya kazi usiku na mchana, na yeye mwenyewe baadaye akaajiriwa kwenye kazi hizo hizo za barabara mpaka akastaafu. Mtu aliyetumia maisha yake kutandika lami ana haki ya kutaka kuifaidi, nadhani.

Kiswahili chake ni cha zamani, cha Unguja ya mabibi zetu. Nilipomwambia shikamoo akaniitikia "Marahaba mjomba," akanikumbatia, akaninusa kichwa kama mtoto. Pikipiki hakuitaja. Tulikula, tukanywa kahawa na halua, nikakabidhi visheti. Alikula kimoja, akafumba macho. "Dada yangu bado anatia iliki nyingi," akasema, akaenda kusali Isha.

Asubuhi nikaamka mapema, nikajipenyeza gereji. Ilikuwa imefunikwa shuka la kitanda, shuka la maua. Nikalifunua.

Wadau, jina lake Harley-Davidson Nightster. Jina hilo walishalitumia mwaka 2007 kwa Sportster ya cc 1200, lakini hii ni nyingine kabisa, ilizinduliwa Aprili 2022. Injini yake ni ya cc 975. Kwa Wamarekani hiyo ni ya katikati, maana wao wana mashine za karibu cc 2000. Kwetu sisi, cc 975 ni gari. Ilipozinduliwa bei yake Marekani ilianzia dola 13,499, fedha ambazo kwa wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 31. Unanunua pikipiki kumi hivi za bodaboda. Nilifanya hesabu hiyo nikiwa nimepiga magoti pale gereji, na nikajisikia vibaya kidogo, sijui kwa nini.

Ni aina ile inayoitwa kruza. Siti iko chini, usukani umekujia mwenyewe, kazi yake ni safari ndefu isiyo na haraka. Siti ina urefu wa sentimita 70 hivi kutoka ardhini, na mimi niliye mfupi nilikaa nyayo zote mbili zikagusa sakafu. Uzito ni kilo 221 ikiwa na mafuta na oili, yaani mifuko minne ya saruji na ushee. Haina cheni, ina mkanda. Gia ni sita. Tairi la mbele ni inchi 19, la nyuma 16 na nene kama mkate wa mofa wa harusini.

Nikaligonga tangi kwa kucha. Likalia tupu! Kumbe lile si tangi. Lina umbo la tangi, liko mahali pa tangi, lakini ndani yake ni nyumba ya hewa ya injini. Mafuta yenyewe, lita 11.7, yako chini ya siti, ili uzito ukae chini. Unafungua siti kama unavyofungua boneti ndipo unajaza. Nilicheka peke yangu. Kitu kimevaa sura ya kingine ili wazee wasishtuke. Nikaikumbuka kamusi yangu.

Tena siti ni ya mtu mmoja tu. Nyuma ya dereva hakuna kitu, ni bampa na taa.

Sasa niwaeleze hiyo injini, maana ndiyo inayofanya watu wazima waache akili nyumbani. Silinda ni mbili, zimeegemea mbele na nyuma kama vidole viwili vya mwanasiasa wa upinzani jukwaani. Ndiyo maana huitwa injini ya V. Harley-Davidson walitoa ya kwanza mwaka 1909, na nguvu zake zilikuwa za farasi 7. Ile Boxer ya cc 150 inayokupeleka Kariakoo ina kama 12. Kwa hiyo, ndugu yangu, kila siku unapanda nyuma ya kitu chenye nguvu kuliko babu wa Harley zote, na unalipa elfu mbili. Nightster ina 90.

Na ule mlio? Katika Harley za kawaida silinda zimeachana digrii 45, na pistoni zote mbili zimeshika pini moja ya krenkshafti. Ili kila silinda ilipuke mara moja, krenkshafti inazunguka mara mbili, digrii 720. Ya kwanza ikilipuka, ya pili inafuata baada ya digrii 315, halafu kuna pengo refu la digrii 405 kabla ya ile ya kwanza kurudi. Pengo hilo lisilo sawa ndilo unalolisikia. Ni kama mpiga ngoma anayechelewa pigo moja kwa makusudi, na wewe mwili wako unalisubiri. Kampuni iliupenda mlio huo mpaka mwaka 1994 ikaomba usajiliwe kama alama yake ya biashara, kama watu wanavyosajili nembo. Wapinzani wake wakapinga, na mwaka 2000 ikaliondoa ombi lenyewe.

Nightster si hivyo. Silinda zake zimeachana digrii 60, pini mbili za krenkshafti zimepishanishwa digrii 30, inapozwa kwa maji, na ndani kuna mizani ya kupunguza mtikisiko. Milipuko inakwenda 270, kisha 450. Mdundo upo, lakini umekwenda shule, umevaa tai.

Nikiwa bado nimechuchumaa nikasikia sauti nyuma yangu. "Una leseni?"

Ningesema sina. Mjomba alikuwa kasimama mlangoni na kikombe cha kahawa, kofia ya Kiomani kichwani. Sijui ni ule usingizi wa asubuhi au ni nini, nikasema, "Ninayo. Na kibali cha kimataifa ninacho." Nilikuwa nimevibeba vyote viwili kutoka Dar, wadau. Sikuwa nimejiambia kwa nini.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

Akanywa kahawa yake yote bila kuongea. "Ijumaa asubuhi barabara huwa nyeupe," akasema, akaingia ndani.

Ijumaa, saa moja na robo. Mjomba aliiendesha mwenyewe kutoka Al Khoudh mpaka Qurum, mimi namfuata na gari lake. Nilimwona kutoka nyuma: mgongo umenyooka, spidi 80 tu katika barabara ya 120, anawasha taa ya kona hata pasipokuwa na mtu. Tukaingia kwenye uwanja wa kuegesha magari wa duka moja ambalo lilikuwa bado limefungwa. Akanivika jaketi lake, glavu zake, akanifunga kofia kidevuni kwa mkono wake kama anamvika mtoto siku ya kwanza ya shule.

Hakuna kiki. Hakuna ufunguo wa kuchomeka. Kidude cha umeme kinakaa mfukoni, unabonyeza kitufe. Ilikohoa mara moja ikashika. Nilitegemea radi, nikapata mngurumo wa chini, mzito, wa kistaarabu. Nilivunjika moyo kidogo, sitadanganya. Nikatoa klachi kama ninavyotoa ya Boxer, yaani kwa haraka na kwa imani. Ikazimika. Nikawasha. Ikazimika tena. Mjomba akaangalia pembeni kwa heshima.

Ya tatu ikaondoka. Nikazunguka uwanja ule mara kumi kwa spidi ya mtu anayetembea. Uzito wote ule, ikishaanza kutembea, unapotea. Sijui unakwenda wapi. Ukisimama unarudi, na unakukumbusha kwamba wewe ni kilo 62 tu na kalamu. Breki ya mbele ni diski moja, inashika vizuri lakini inataka ubane kweli. Kuna namna tatu za kuendesha unazochagua kwa kitufe: ya kawaida, ya kasi na ya mvua. Mjomba alikuwa ameiweka ya mvua. Muscat, Januari, mbingu kavu kabisa. Sikuigusa.

"Haya," akasema dirishani mwa gari. "Mpaka Matrah. Mimi nyuma yako. Kulia, mjomba, kulia!"

Maana Oman wanapita kulia. Kilomita ya kwanza nilikuwa naongea peke yangu ndani ya kofia: kulia, kulia, kulia. Kwenye mzunguko wa kwanza shingo yangu ilitaka kuangalia upande wa Dar es Salaam, nikailazimisha kuangalia kushoto. Baada ya hapo barabara ikafunguka, na ndipo nikaelewa.

Nikiwa kwenye Boxer, kila kitu mwilini kinafanya kazi. Unasikiliza daladala la nyuma, unaangalia mlango wa bajaji, unakadiria shimo, unabana tumbo. Resi unaivuta yote na bado lori linakupita. Kwenye hii nilikuwa gia ya tatu, nimegusa resi kidogo tu, na pikipiki ikanichukua kama mtu anayekushika mkono kukuvusha barabara. Nguvu zipo nyingi kuliko unazozihitaji, kwa hiyo hutumii, na kutozitumia kuna raha yake. Mtikisiko mdogo unapanda kwenye nyayo na viganja. Miguu imekunjwa katikati, haikunyooka mbele kama ya Wamarekani wa kwenye filamu. Silinda ya nyuma inapumua joto chini ya paja la kulia, na asubuhi ile ya baridi lilikuwa joto la kirafiki. Mjomba ameniambia Juni, nyuzi 45, ule urafiki unakwisha.

Halafu nikakutana na tuta. Shokapu za nyuma ni fupi, na habari yote ya lile tuta ilifika kwenye uti wa mgongo bila kuhaririwa. Hapo Boxer ya cc 150 inashinda, naandika kwa mkono wangu.

Nikaingia Matrah. Kushoto bahari na majahazi, kulia nyumba nyeupe zenye roshani za mbao, juu ya mwamba ile ngome ya Wareno. Kwa dakika moja hivi ningeapa niko Forodhani, milima ndiyo iliyonikumbusha. Spidi 60. Na katikati ya raha hiyo yote nikaikumbuka ile nailoni kwenye siti ya kaka. Alikuwa anaifuta vumbi kwa kitambaa kila jioni. Nikasikia koo linabana. Nikaegesha pembeni, nikanyoosha stendi kwa mguu uliokuwa unatetemeka, nikashuka.

Mjomba akaegesha nyuma yangu. Tukakaa kwenye ukuta wa bahari, hakuniuliza kitu. Akanunua chai ya maziwa vikombe viwili.

"Mimi tangu nina miaka ishirini naitaka hii," akaanza. "Sportster. Kulikuwa na Mwingereza kazini, alikuwa nayo. Nikasema nikistaafu. Halafu ikatokea ile ya kaka yako." Akakaa kimya kidogo. "Fedha ile niliituma mimi. Mama yako alisema tumtafutie ufundi redio, mimi nikasema ufundi redio hauna kitu, pikipiki inalipa kila siku. Niliikata ile ndoto. Miaka kumi sikuigusa hata picha."

"Na sasa?"

Akanitazama kana kwamba nauliza jambo ambalo ukoo mzima unalijua. "Muulize kaka yako. Ndiye aliyenichagulia."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kumbe, wadau, kaka na mjomba wanapigiana simu kila Alhamisi usiku, kaka akishafunga kibanda. Miaka mitano sasa. Wanaongea pikipiki. Mjomba alianza kwa kumwomba radhi kila wiki, mpaka kaka akachoka, akamwambia, "Mjomba, radhi nimeshakupa, sasa tuongee mambo ya maana." Mjomba alitaka kununua Sportster ya zamani, iliyotumika. Kaka akamkataza. Akamwambia achukue hii, haina kurekebisha tapeti, inazirekebisha yenyewe kwa oili, mkanda hautaki grisi, ina breki zisizobana tairi likasimama ghafla, na tangi liko chini kwa hiyo haitamlemea mzee. Na siti ya mtu mmoja alisisitiza yeye.

"Nilimuuliza kwa nini ya mtu mmoja," mjomba akasema. "Akaniambia, ukianguka, uanguke peke yako."

Nimeandika habari nyingi za ajali. Sikuwahi kumuuliza kaka yangu hata swali moja. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima.

Nikampigia pale pale. Aliitika haraka, nyuma yake kuna kelele za Ubungo. Sikumsalimia vizuri, nikamwambia niko na pikipiki ya mjomba, nimeiendesha mwenyewe. Kimya kifupi. "Leseni iko ukurasa gani?" akauliza. Kumbe na yeye anaijua! Halafu akasema, "Washa. Weka simu karibu na ekzosi, usiweke karibu sana. Usipige resi. Iache yenyewe."

Nikawasha, nikachuchumaa barabarani, simu mkononi, wavuvi wa Matrah wananitazama. Nikaishika hapo dakika mbili nzima. Nilipoirudisha sikioni alikuwa bado kimya, nikadhani mtandao umekata.

"Ya nyuma inachelewa kidogo," akasema. "Umeisikia? Nzuri. Haya, mrudishie mzee mali yake. Kuna mteja."

Mjomba ndiye aliyeirudisha Al Khoudh. Mimi nilifuata na gari, taratibu, taa za kona zote.

Nilirudi Dar Jumapili. Mama alikuwa ukumbini anachambua mchele kwenye ungo. Nikamkabidhi halua na ubani, nikampa salamu. Akauliza mjomba anasali, anakula, presha ikoje. Nikajibu. Akaendelea kuchambua. Kisha bila kuinua kichwa:

"Umeipanda?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikwenda chumbani, nikafungua kamusi, nikarudi na leseni nikaiweka juu ya meza, pembeni ya ungo. "Nimeiendesha, mama. Na hapa pia huwa naendesha. Kazini. Tangu mwaka 2022."

Aliiangalia ile kadi kwa muda. Hakuishika. Vidole vyake vikaendelea kutafuta mawe kwenye mchele, akatoa moja, akalitupa dirishani, akatoa la pili. Nilisimama pale kama mshitakiwa.

"Ya mjomba wako," akasema hatimaye, "ina nafasi ya mtu wa nyuma?"

"Haina, mama. Ni ya mtu mmoja."

"Afadhali."

Akapepeta ungo, makapi yakaruka. "Ile kofia yako ya kazini ni nzima, au ni zile za elfu kumi?"

Ilikuwa ya elfu kumi. Kesho yake, kabla sijakwenda kazini, nilikuta fedha zimefungwa kwenye kona ya kitambaa juu ya kamusi. Hakuna barua. Nimenunua kofia ya maana, nzito, inabana masikio. Jioni moja wiki ile nilimkuta mama yuko kwenye simu na mjomba, na haikuwa Idi wala msiba. Nilisikia neno moja tu kabla sijafunga mlango wa chumbani. Alikuwa anauliza ile rangi, ni nyeusi kabisa au ina kibuluu kidogo.

Bado anatembea kwa miguu kutoka stendi, jua la saa nane, unga kichwani. Sijawahi kumwambia apande, na sitamwambia.

Alamsiki, wadau. Vaeni kofia, fungeni kidevuni.